Jinsi ya kupiga picha ndege wa porini uani kwako bila kuwakurupusha: mwongozo kamili

Swali linalorudi kila mara ni lile lile: nimeweka mtama, ndege wanakuja vizuri tu, lakini nikiinua kamera wote wanaruka, nabaki na picha ya sahani tupu na kamkia kanakopotelea pembeni. Wengine wanasema ndege wa kwao ni waoga kupita kiasi, wengine wameshaanza kuulizia bei ya lenzi kubwa zaidi. Mara nyingi ishu sio lenzi wala sio ndege. Ishu ni kwamba kamera inatolewa siku ileile chakula kinapowekwa, yaani ndege hajaiamini hata sahani yenyewe, we tayari umeshamnyooshea kitu.

Alafu kumbuka ndege wa mitaani kwetu wanajua manati. Mtu akisimama, akainua mikono miwili usawa wa uso na kulenga, kwa shomoro hiyo ni hatari anayoifahamu vizuri sana, na haijalishi wewe umeshika kamera. Kwa hiyo mwongozo huu wote unasimama juu ya jambo moja: kila kitu kiwe kimeshapangwa kabla ndege hajafika, alafu wewe usionekane ukitikisika. Ukiona unamfuata ndege, umeshakosea njia.

Nimeandika nikifikiria uani kwa kawaida kwa Arusha, Moshi, Nairobi au Dar: ukuta, kamba ya nguo, mpapai au mwembe mmoja, na dirisha lenye nondo na wavu wa mbu. Hauhitaji bustani ya hoteli.

VITU VYA KUANDAA

Kamera na lenzi inayofika milimita 250 au 300 (ile namba iliyoandikwa kwenye lenzi, ikiwa kubwa inavuta zaidi). Hata kamera ya mtumba inatosha kabisa. Kwa kamera za kawaida zenye sensa ndogo, lenzi ya 300 ukiwa mita tatu kutoka kwa ndege inaona eneo lenye upana wa kama sentimita 23 tu. Shomoro ana sentimita 14 au 15 hivi toka mdomo mpaka mkia, kwa hiyo anajaza zaidi ya nusu ya picha. Ndo maana nasema usikimbilie kununua lenzi ya mamilioni, we punguza umbali. Ila angalia lenzi yako inaanza kushika fokasi kutoka umbali gani, zingine hazishiki kitu kilicho chini ya mita moja na nusu.

Kama una simu tu usiondoke, hatua ya 7 ni yako.

Stendi ya miguu mitatu, au mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage kama kilo mbili, unaweka dirishani unalaza lenzi juu yake. Mi napenda mfuko kuliko stendi, haupigi kelele na haugongani na nondo.

Shuka zito au khanga mbili za rangi iliyopoa, na vibanio vya nguo.

Sahani ya udongo au sinia kuukuu, na chombo kingine kifupi cha maji chenye kina cha sentimita tatu mpaka tano, isizidi hapo. Ndege wadogo wanaogopa maji marefu na wanaweza kuzama.

Chakula: mtama, uwele, ulezi au chenga za mchele mkavu kwa wala nafaka (shomoro, mnana, tetere na wale wadogo wa bluu na wekundu). Ndizi mbivu na papai kwa shore, kwezi na kuzumburu.

Matawi makavu mawili matatu yenye sura nzuri, unene wa kidole. Waya, kamba, grisi kidogo, na chupa moja nyeusi ya plastiki, kazi yake utaiona mbele.

Usiweke mkate, chipsi, wala wali wa jana wenye chumvi na mafuta. Parachichi pia acha, ni sumu kwa ndege. Na nafaka au karanga zilizoota ukungu usiseme "si ndege tu watakula", sumukuvu inaua ndege kama inavyodhuru watu. Mtama ambao wewe usingeusaga uji usiwape.

HATUA YA 1: CHAGUA DIRISHA KABLA YA KUCHAGUA PA KUWEKA SAHANI

Watu wengi wanaweka chakula pale panapopendeza kisha ndo wanatafuta pa kujificha. Geuza. Anza na dirisha ambalo unaweza kukaa nyuma yake saa nzima bila mtu kukuomba upishe, alafu sahani ifuate dirisha.

Sasa mwanga. Huku karibu na ikweta jua linapanda haraka, linatoka saa kumi na mbili hivi, saa tatu na nusu limeshafika nusu ya njia ya kwenda utosini, na kuanzia saa nne mwanga unatoka juu moja kwa moja, ndege anakuwa na kivuli cheusi machoni na tumboni. Kwa hiyo muda wa kazi ni toka jua linapotoka mpaka saa tatu na nusu, na jioni toka saa kumi. Bahati nzuri ndo muda ambao ndege wenyewe wana njaa zaidi.

Kuna mtego hapa. Utasoma sehemu nyingi kwamba jua liwe mgongoni kwako, ni kweli, lakini we uko ndani ya nyumba, jua likiwa mgongoni kwako basi liko nyuma ya nyumba! Dirisha likitazama magharibi, asubuhi nyumba yenyewe inafunika sahani. Ukuta wa mita tatu bado unatupa kivuli cha mita tatu ikifika saa tatu na nusu, yaani sahani yako iliyo mita tatu itakaa gizani muda wote mzuri. Dirisha la magharibi ni baya asubuhi na jioni, kwa sababu jioni jua linakuchoma usoni.

Dirisha linalotazama kaskazini au kusini ndo zuri zaidi, mwanga unatoka pembeni, manyoya yanaonyesha umbile lake. Ukikosa, kivuli chepesi kilicho wazi juu sio kibaya, rangi zinatoka laini ila utapandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga).

Kabla ya kuendelea: simama dirishani saa moja asubuhi, mwombe mtu ashike yai pale utakapoweka tawi. Kama yai lina upande wenye mwanga na upande wenye kivuli laini na bado unaona mduara wake, hapo pako sawa. Likionekana bapa jeusi, hama.

HATUA YA 2: WEKA CHAKULA, ALAFU POTEA

Anza kuweka sahani mbali na dirisha, mita nane au kumi hivi, karibu na kichaka au mti lakini sio ndani yake. Umbali wa mita mbili tatu toka kwenye majani unatosha: ndege anapata pa kukimbilia, na paka hapati pa kujificha kwa kumvizia kwa ukaribu. Inyanyue kutoka chini, juu ya kigogo au uitundike usawa wa kifua.

Weka chakula saa ileile kila asubuhi, kiasi cha konzi moja, kisha ondoka kabisa. Hakuna kamera, hakuna kuchungulia kila dakika. Shomoro watakuja kwanza, siku hiyohiyo au ya pili, na ndege wengine wakiona shomoro wanakula nao wanashuka. Sehemu ambazo watoto wanawinda kwa manati inaweza kuchukua wiki mbili au zaidi, usikate tamaa wala usiongeze chakula kwa kudhani ni kidogo.

Wakishazoea, sogeza sahani nusu mita kwa siku kuelekea dirishani. Wakisita kushuka, rudisha ulipotoka siku mbili kisha endelea. Lengo ni mita tatu toka kwenye lenzi, au mbili na nusu kama lenzi ni ya 250.

Kuhusu kioo: ndege anayeshtuka akiwa mita nne tano toka dirishani anapata kasi ya kutosha kujigonga na kufa. Kama dirisha lako ni kioo kikubwa kisicho na nondo wala wavu, bandika vipande vya karatasi au ning'iniza nyuzi kwa nje, zipishane kiganja kimoja au pungufu. Hii sio hiari.

Utajua hatua imeiva ukifungua bomba jikoni au mtoto akilia ndani na ndege wanainua tu vichwa kisha wanaendelea kula.

HATUA YA 3: TAWI LA KUSUBIRIA (hapa ndo picha inapotengenezwa)

Picha ya ndege kwenye sinia ni picha ya sinia. Kinachotakiwa ni picha ya ndege kwenye tawi, na siri ni kwamba ndege hashuki moja kwa moja kwenye chakula, anatua kwanza karibu, anaangalia kushoto kulia, ndo anaruka kula. Hicho kituo chake unakitengeneza wewe.

Chomeka tawi kwenye ndoo ya mchanga au lifunge kwa waya, likae sentimita 30 mpaka 40 toka kwenye sahani na juu yake kidogo. Liwe na sehemu moja tu nzuri ya kutua. Tawi lenye vidole kumi na tano litakupa ndege sehemu kumi na tano tofauti na fokasi itakimbizana naye, kwa hiyo kata mengine yote. Ondoa pia vituo shindani vilivyo karibu, kamba ya nguo ikiwa juu ya sahani watakaa hapo badala ya tawini, ishushe asubuhi hiyo.

Tawi lilale sambamba na dirisha, yaani kama mstari unaokatiza mbele yako, lisikuelekee. Likikuelekea, ndege atakuangalia au atakupa mgongo. Likikatiza unampata ubavu, mdomo na mkia vyote vikiwa kwenye fokasi moja.

Tawi lenye kuvu kavu au magome yanayobanduka linapendeza kuliko fimbo laini ya mpera. Badilisha kila wiki, la sivyo picha zako zote zitafanana.

HATUA YA 4: NYUMA YA NDEGE

Angalia kitakachoonekana nyuma ya tawi kabla ya kitu kingine chochote. Ndoo ya bluu, chupa kwenye ukuta, tenki la maji, vyote vitatokea kama madoa. Majani ya kijani yaliyo mita nne au zaidi nyuma ya tawi yanayeyuka na kuwa rangi moja laini. Ukuta wa tofali uliopo nusu mita nyuma hautayeyuka namna hiyo.

Uani mdogo? Tundika kitenge kilichochuja au gunia nyuma ukutani, weka mapema ili ndege walizoee, na kibane chini kisipepee. Kinachopepea kinafukuza kuliko mtu.

Epuka mbingu nyuma. Ndege atageuka kivuli. Kama lazima upige kuelekea juu, ongeza mwanga wa picha kwa pointi moja nzima (+1 kwenye alama ya +/- ya kamera).

HATUA YA 5: MAFICHO

Ndege haogopi nyumba. Anaogopa umbo la mtu, macho mawili yanayomtazama, na mkono unaotembea. Ukiviondoa hivyo vitatu unaweza kukaa karibu kuliko unavyodhani.

Tundika shuka dirishani kwa ndani, toboa tundu la kupitisha lenzi au acha mwanya kati ya khanga mbili na uufunge kwa vibanio kuzunguka lenzi. Zima taa. Funga mlango ulio nyuma yako. Huu mlango watu wanausahau sana: mwanga ukiingia toka nyuma, kivuli chako kinaonekana kwenye shuka na kila unapojikuna ndege anaona sinema nzima.

Wavu wa mbu uondoe, au legeza kona moja ya fremu upitishe lenzi. Ukipiga kupitia wavu picha inakuwa kama ina moshi na fokasi inashika nyuzi badala ya ndege. Kama nyumba ni ya kupanga na huwezi kuugusa wavu, gusisha lenzi kabisa kwenye wavu na fungua tundu la mwanga la lenzi mpaka mwisho (namba ya f iliyo ndogo kabisa), picha haitakuwa safi sana lakini itatoka.

Kioo fungua. Kikiwa hakifunguki, kisafishe pande zote mbili, lenzi iguse kioo na iwe imenyooka nacho, ukiinamisha ndege anatoka na ukungu. Kioo cheusi kinakuficha vizuri ila kinakula mwanga na kuharibu rangi.

Nondo ziache, lenzi nyingi za 300 zinapita katikati yake. Viringisha kitambaa kwenye lenzi isigonge chuma, ule mlio wa "ting" unasafisha uwanja mzima.

Sasa ile chupa nyeusi. Siku kadhaa kabla ya kuleta kamera, chomeka chupa kwenye tundu, mdomo wake ukitazama nje, iache usiku na mchana. Ndege wataiangalia siku ya kwanza, ya pili wataipuuza. Siku ya kamera unatoa chupa unaingiza lenzi, kwao ni kitu kilekile. Hakuna hatua ya bei rahisi kuliko hii na karibu kila anayelalamika kwamba ndege wanaruka hajaifanya.

Usipokuwa na dirisha linalofaa, gari lililopaki linafanya kazi nzuri tu, teremsha kioo nusu na zima injini. Au jenga kibanda cha shuka juu ya fito nne, ukiache siku kadhaa wakizoee. Ukienda kibandani nenda na mtu, muingie wawili, yeye atoke aondoke zake akionekana. Ndege wengi wakishaona mtu ameondoka wanashuka.

HATUA YA 6: KAMERA

Zima mlio wa fokasi. Zima kile kitaa kidogo cha mbele kinachowaka kusaidia fokasi gizani. Zima flashi, usijaribu hata mara moja. Kama kamera ina shata ya kimya (shata ni kile kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga) itumie, ila ndege akipaa shata ya kielektroniki inaweza kupinda mabawa kwenye picha, kwa hiyo iwe ya ndege aliyetulia.

Weka modi ya S (kwa Canon ni Tv), ambayo wewe unachagua spidi ya shata na kamera inajipangia mengine:

- ametulia tawini: 1/500 ya sekunde
- anakula, anageuza kichwa: 1/1000
- anatua au anaruka: 1/2000 kwenda juu

ISO iache ijipange yenyewe lakini iwekee ukomo wa 3200. Watu wanaogopa chenga kwenye picha, wanashusha ISO, spidi inaanguka mpaka 1/125 na kichwa cha ndege kinatoka ukungu. Chenga unaweza kuzipunguza baadaye kwa programu, ila mtikisiko hauponi.

Fokasi iwe ya kufuata (AF-C kwa Nikon na Sony, AI Servo kwa Canon) na tumia nukta moja tu, uiweke pale kichwa cha ndege kitakapokuwa juu ya tawi, sio katikati ya fremu. Jicho likiwa kali, mengine yote yanasameheka. Jicho likiwa na ukungu futa, hata kama mkia umetoka safi.

Mnana wa njano juani anapoteza alama za manyoya, anageuka kibonge cha rangi ya yai, punguza mwanga kwa nusu pointi hivi. Ndege mweusi kwenye kivuli ongeza nusu.

Piga picha ya tawi tupu kabla ya kuanza. Itazame kwenye skrini kwa makini: nyuma pako safi? kuna waya? tawi limenyooka? Ikiwa picha ya tawi tupu haipendezi, kumweka ndege juu yake hakutaiokoa.

NAMNA YA KUPIGA SASA

Ingia kabla hakujapambazuka, kila kitu kikiwa tayari, chai umeshakunywa, simu iko kimya na sio kutetemeka, kimya kabisa. Nguo nyeupe acha.

Ndege wa kwanza akija usipige. Mwache ale, aondoke, arudi. Wa pili pia. Hapo utaona anatua wapi na anatazama upande gani, na yeye anathibitisha kwamba pako salama. Kisha piga picha moja. Moja tu. Ngoja. Akiinua kichwa kisha akaendelea kula, piga mbili. Baada ya hapo unaweza kuachia mfululizo mfupi mfupi. Anayeanza na mfululizo wa picha ishirini siku ya kwanza anawaambia ndege wote wa mtaa kwamba lile tundu lina kitu kibaya.

Lenzi ikitakiwa kugeuka, igeuze ndege akiwa ameinamisha kichwa anakula, na iende polepole kama mshale wa dakika. Akiinua kichwa, ganda hapohapo.

Jifunze kusoma dalili. Shingo ikirefuka na manyoya yakibana mwilini, anafikiria kuondoka, ondoa kidole. Akijitikisa manyoya yakafumuka kisha akatulia, ametulia kweli, na sekunde hiyo ya kujitikisa ndo picha nzuri kuliko zote. Shore akianza kupiga kelele za kugombeza bila kuacha kuna paka au nyoka karibu. Na wote wakiganda ghafla, uani pakawa kimya, tazama juu, ni mwewe au kipanga. Sio wewe, kwa hiyo usianze kubadilisha maficho yako kwa kosa ambalo sio lako.

HATUA YA 7: KWA WENYE SIMU TU

Simu inaweza, ila isishikwe mkononi na usivute zumu kwa vidole, kwa simu nyingi zumu ile inakata tu picha. Simu ndo iende kwa ndege, wewe ubaki ndani.

Kwa siku kadhaa weka kipande cha ubao chenye ukubwa wa simu, kipake rangi ya giza, kisimame sentimita 50 mpaka 80 toka kwenye tawi. Siku ya kazi badilisha ubao na simu. Gusa skrini pale kwenye tawi na shikilia mpaka fokasi ijifunge, shusha mwanga kidogo, weka modi ya ndege (jina limekaa vizuri hapa) isije ikaita. Ukitumia rimoti ya Bluetooth, zile ndogo za selfi, washa Bluetooth tena baada ya hapo. Simu nyingi pia zinapiga picha ukibonyeza kitufe cha sauti kwenye ear-phone za waya, tatizo ni urefu wa waya tu.

Njia rahisi kuliko zote: rekodi video ya 4K ikiwa simu yako inayo, iache irekodi dakika kumi, kisha toa picha moja moja kwenye video. Kila fremu ya 4K ina kama megapikseli nane, inatosha kabisa kuprinti saizi ya albamu. Mwanga uwe mwingi, maana kivulini video inatumia shata ya polepole na vichwa vinatoka ukungu.

Jua kali litaipasha simu mpaka ijizime, ifunike kwa kitambaa cheupe bila kuziba kamera. Na usiiache peke yake juu ya ukuta unaopakana na barabara, hilo sihitaji kulieleza.

CHOZI WANA MAMBO YAO

Wale wadogo wenye mdomo uliopinda, wanaong'aa kijani na zambarau, hawana habari na mtama wako. Uwa la mgomba linawaleta, mshubiri ukitoa maua ndo kabisa, haibiskasi pia. Kama una mgomba uliotoa mkungu, usihangaike na sahani, elekeza maficho kwenye lile uwa, weka kijiti cha kutua pembeni na subiri.

Ukitaka maji ya sukari: kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, chemsha, poza. Usitie asali, inachacha na kuleta ukungu, wala rangi ya chakula. Badilisha kila siku sehemu za joto kama Dar, na sehemu za baridi isizidi siku mbili. Chupa ya maji hayo iwe na kijiti cha kusimamia, chozi anapenda kunywa akiwa amekaa. Sisimizi watakuja tu, paka grisi kwenye waya wa kutundikia, mbali na pale ndege anapokaa, isije ikamganda kwenye manyoya.

Rangi ya chozi inawaka mwanga ukimpiga kwa mbele. Mwanga ukitoka nyuma yake ni ndege mweusi tu, na wengi wanadhani kamera imeharibika. Subiri ageuze kifua.

WASUMBUFU

Kunguru. Dar na Zanzibar wale wa India wenye shingo ya kijivu wakigundua sahani, wadogo hawarudi. Funika sahani kwa kizimba cha waya wenye matundu ya sentimita nne au tano, shomoro na mnana wanapita, kunguru anabaki nje. Tawi lako liwe nje ya kizimba, picha haitaonyesha waya. Mabaki ya nyama na ugali yasionekane uani kabisa.

Paka wa jirani: huwezi kumzuia, lakini unaweza kuondoa vichaka vya kuvizia na kunyanyua sahani mita moja na nusu juu ya mti mwembamba au bomba lililopakwa grisi. Akianza kukaa hapo kila siku, acha kuweka chakula wiki moja.

Kuku wako wasile chini ya sahani hiyo. Njiwa na ndege wengine wa porini wanaweza kubeba mdondo, na kinyesi chao kinadondoka pamoja na mtama. Waliochanjwa wana nafuu, lakini wafungie upande mwingine.

Watoto wenye manati usiwafukuze. Waite, waonyeshe picha kwenye skrini ya kamera, kubwa, mpaka waone jicho la ndege. Wengi wanageuka kuwa walinzi, na wanajua kila ndege analala mti gani kuliko wewe.

USAFI NA MIPAKA

Osha sahani kila wiki kwa sabuni, kisha iloweke dakika kumi kwenye maji yenye klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, suuza, ikauke juani. Maji ya kunywa badilisha kila siku, hiyo ni pamoja na mambo ya mbu. Chakula kilichobaki kitoe kabla ya magharibi, la sivyo unafuga panya. Ukiona ndege amejikunyata, manyoya yamefumuka mchana kweupe na haruki hata ukisogea, ondoa chakula chote wiki mbili, safisha kila kitu, kwa sababu ugonjwa unasambazwa na msongamano uliouleta wewe.

Kiota usikisogelee na usikate majani ili kionekane. Ukikiacha wazi kunguru anakiona kabla ya kamera yako. Na usiwapigie sauti za ndege wenzao kwenye spika ili waje, dume anaacha kula na kulisha watoto anatafuta mpinzani ambaye hayupo.

MSIMU

Baada ya mvua nyasi zikitoa mbegu, sahani yako itapoa, sio kwamba umekosea kitu. Wanakula porini. Endelea kuweka kidogo na maji yawepo, kiangazi kikikaza watarudi wengi, na hapo chombo cha maji kitakupa picha kuliko chakula: tundika chupa yenye tundu la sindano juu yake idondoshe tone tone, yale matone wanayafuata toka mbali.

Ila madume ya mnana wengi wanavaa rangi zao kamili wakati wa mvua, wanapojenga viota, na kiangazi baadhi yao wanachuja mpaka unadhani ni shomoro jike. Kwa hiyo kama unataka yule wa njano aliyeiva, anza kuwazoesha kiangazi wakiwa na njaa, chupa nyeusi ikae dirishani mapema, ili mvua zikianza uwe umebakiza kazi ya kubadilisha chupa na lenzi tu.